Watoto walioanza darasa la kwanza 2020 wana shida gani? Walimu na wazazi njooni hapa

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Kahama vijijini, na mwaka huu wa 2022 nimekabidhiwa darasa la tatu. Hawa ndio wale walioandikishwa la kwanza Januari 2020, Machi 17 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, wakarudi Juni 29. La kwanza wamepita, la pili wamepita, sasa wako mikononi mwangu.

Juzi nilikuwa nawasomesha mmoja mmoja mezani. Kuna kijana mchangamfu kweli, kafungua kitabu cha la pili, kidole kwenye mstari, anatiririka bila kukwama. Nikaridhika. Nikageuza ukurasa, nikaziba picha kwa kiganja. Kimya. Nikaondoa mkono, akaona picha ya mbuzi, akaanza tena kwa kasi ile ile, ila sasa kidole kiko mstari wa tatu na mdomo uko mstari wa kwanza. Mtoto anasoma picha, maneno kayakariri. Nikaita mwingine, na mwingine. Wale wale.

Kinachonichanganya ni hiki. Kijana huyo huyo mwulize karanga vikombe vitatu vya mia mbili mbili, umepewa noti ya elfu, unarudisha ngapi? Anakujibu kabla hujafunga mdomo. Hesabu ipo, kusoma hakuna. Miaka ya nyuma nilipokea watoto wazito, lakini walikuwa wazito kotekote. Hawa wamepasuka katikati.

Dai langu: ile miezi mitatu na ushei iliwakata pabaya, halafu sisi wenyewe tulivyowapokea tukazidisha. Wenzangu mnaonaje?

Dereva wa Masafa
Siti ya mbele kabisa. Mimi la saba nimemaliza nikisoma picha, na leseni daraja E ninayo.

Mama Wawili (Tabata)
Pole na kazi mwalimu. Wa kwangu ni rika hilo hilo, yuko shule ya serikali, darasani wamebanana hadi wengine wanakaa chini, na anasoma vizuri tu. Shule siyo iliyomfundisha. Miezi ile nilikuwa na kiduka, namkalisha pembeni ya friji, kazi yake ananisomea pakiti. Sabuni, unga, majani ya chai, vocha. Akikosea anarudia. Shule zilipofunguliwa alikuwa anasoma mpaka tarehe za kuisha muda wa maziwa na ananigombeza.

Swali langu kwako: huko kijijini mtoto akitoka shuleni anakutana na maandishi wapi? Kwenye ukuta wa nyumba ya nani? Mnadani atakutana na hela kila wiki, maandishi hakutani nayo. Ndiyo maana hesabu imebaki.

Ngosha Mstaafu
Mwangaluka wote. Nimeshika chaki Kishapu na Bariadi mpaka nimestaafu, nina neno. Mama Wawili amegusa, lakini tatizo limekaa mbele zaidi. Ni lugha. Mtoto wa kwetu anaanza shule Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Januari hadi Machi ndiyo kwanza masikio yanafunguka. Shule ikafungwa, akapelekwa kwa bibi, huko ni Kisukuma asubuhi mpaka usiku. Na miezi yenyewe ilikuwa ya mpunga kuiva, mtoto anashinda kwenye jaruba anaamia ndege na kombeo. Anarudi Juni Kiswahili amekiacha majarubani.

Hesabu kwa nini imebaki? Kwa sababu bei mnadani inatajwa kwa Kiswahili hata na wazee wasiojua Kiswahili kingine chochote. "Mia mbili", "jero", "buku". Sasa mtoto akipewa kusoma lugha asiyoielewa atafanya nini? Atakariri. Hata wewe mwalimu ukipewa ukurasa wa Kichina chenye picha ya mbuzi utakariri.

Pwani Mchangani (Tanga)
Mzee Ngosha shikamoo, lakini hapo umepiga nje. Sisi Tanga tunaota kwa Kiswahili, tunatukana kwa Kiswahili, na mke wangu anafundisha la tatu hapa mjini, analia kilio kile kile cha Chaki Nyeupe. Yeye haoni hata hizo hesabu za karanga. Wake hawana vyote.

Dereva wa Masafa
Tanga mtoto hajui hesabu kwa sababu vitu vyote anakopa.

Pwani Mchangani
Dereva nitakutafuta.

Hoja Moto
Mnatafuta mchawi bure. Serikali imejenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, trilioni 1.3 za IMF, yamekamilika Desemba. Pochi la mama Samia limefunguka na bado mnalia. Fundisheni.

Afisa Kijiweni
Hoja Moto, punguza mbwembwe. Madarasa hayo 15,000, elfu 12 ni ya sekondari. Upande wa msingi ni 3,000 ya vituo shikizi, yaani matawi ya shule mama. Ni jambo jema, hakuna anayebisha, lakini darasa la tatu la Chaki Nyeupe halikuguswa hapo. Na ukuta haufundishi silabi.

Halafu rekodi zikae sawa kwa watakaosoma baadaye. Waziri Mkuu Majaliwa alipotangaza Machi 17 alisema siku 30, ndipo Aprili ikaongezwa bila tarehe. Vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni mosi, wengine wote Juni 29. Mzazi alikuwa hajui mtoto anarudi lini, kwa hiyo hakuna aliyepanga chochote. Ukijua ni miezi mitatu unaweza kumtafutia mwalimu wa tuisheni. Ukiambiwa subiri, unamtuma dukani.

Ticha Mikese (Morogoro)
Mimi nilikuwa na darasa la kwanza lenyewe mwaka 2020, nisikilizeni kidogo kabla hamjawahukumu.

La kwanza Januari siyo darasa, ni stendi. Kuna anayelia, kuna aliyekuja bila daftari, kuna anayeletwa Februari kwa sababu baba alikuwa safarini, kuna ambaye awali hakupitia kabisa. Unaanza kufundisha kweli kweli mwezi wa pili katikati. Mpaka Machi 17 nilikuwa nimemaliza irabu na tumeingia silabi, ba be bi bo bu, wengi ndiyo kwanza wanaona kwamba b ikikaa na a inatoa mlio. Hapo ndipo palipokatwa. Mtoto wa la nne ukimfungia miezi mitatu atasahau makoloni ya Wajerumani, utamkumbusha. Huyu hakuwa na cha kusahau. Alikuwa mlangoni.

Tulivyorudi ndiyo kabisa. Maelekezo yalikuwa tuongeze saa mbili kila siku kufidia. Mtoto wa miaka sita au saba, ametoka nyumbani hajala, uji shuleni hakuna, unamwongezea saa mbili. Kufika saa nane mchana nusu wamelala juu ya madawati na nusu wanaangalia dirishani. Mwalimu na darasa la watoto zaidi ya mia utamsikiliza nani mmoja mmoja? Tukawa tunasoma kwa pamoja. Naandika ubaoni, napiga fimbo kwenye neno, darasa zima linaitikia. Ukiwa nje unasema darasa hili linasoma. Ndani yake wanaosoma ni wachache wa mbele, waliobaki wanaimba. Chaki Nyeupe, huyo kijana wako ni mwimbaji wa kwaya hiyo.

Chaki Nyeupe
Ticha Mikese, umeingia palepale. Ndiyo maana nikasema tulivyowapokea. Lakini kwaya tumeiimba miaka yote, hata kabla ya korona.

Kitabu Wazi
Basi umejijibu. Naomba niwe mkorofi wa uzi huu: korona haihusiki. Utafiti wa Uwezo, wa shirika la Twaweza, umepima watoto tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kila ripoti inarudia kwamba watoto wengi wa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya la pili. Hao hawakufungiwa hata siku moja. La tatu ndipo uongo wote wa la kwanza na la pili unapofumuka, kwa sababu ndipo KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) inaisha, yanaingia masomo mengi kwa mpigo, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, na Kiingereza juu. Kila mwalimu wa la tatu nchi hii anadhani amepewa darasa baya kuliko yote. Mwaka huu mmepata pa kusingizia.

Mama Wawili
Mkorofi kweli, ila una hoja.

Ticha Mikese
Kitabu Wazi, umewahi kukaa darasani au unasoma ripoti? Kuna tofauti ya mtoto aliyefundishwa vibaya na mtoto ambaye hatua imekatwa. Wa kwanza ukimpa neno "baba" atakwambia "bibi". Anakosea, lakini anajua herufi zinatoa mlio. Hawa ukiwapa "baba" wanakutazama usoni wasubiri uanze ili waitikie.

Kitabu Wazi
Hiyo nimeikubali kama uchunguzi. Sijaikubali kama sababu.

Mkulima wa Mumias (Kakamega)
Majirani hamjambo. Nyinyi mnalia miezi mitatu? Sisi Kenya shule zilifungwa Machi 2020, Oktoba 12 wakarudi Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne pekee, wengine wote wakakaa mpaka Januari 4, 2021. Kifungua mimba wangu alikuwa Gredi ya pili. Aliondoka mtoto, akarudi shati la sare halifungi kifungo na suruali imekuwa kaptula.

Kusoma hakusahau sana kwa sababu alikuwa amevuka hapo pa silabi ambapo Ticha anasema. Shida yake ilikuwa kukaa. Kukaa tu! Mwalimu akageuka kuandika, yeye yuko dirishani. Alizoea kuamka atakavyo, kukata miwa, kuogelea mtoni. Wiki za kwanza kila jioni naletewa taarifa, amepigana, ametoroka, amemjibu mwalimu. Na mambo ya barakoa yalikuwa sinema. Asubuhi anaondoka na ya buluu, jioni anarudi na ya maua. Namwuliza, ananiambia tumebadilishana, hii ni nzuri zaidi. Ya mtoto nisiyemjua, ameivaa mchana kutwa!

Dereva wa Masafa
Hahaha, kubadilishana barakoa. Hapo ndipo ujue mtoto wa Kiafrika hana kirusi kinachomweza.

Binti wa Pugu
Kwetu barakoa wala hazikufika, waliwekewa ndoo na kibuyu chirizi. Mimi nilikuwa kamati ya shule, tulitengeneza vile vya dumu la lita tano, unakanyaga kijiti chini, kamba inavuta dumu, maji yanatoka, sabuni imening'inizwa pembeni kwenye kamba. Siku ya kwanza furaha, foleni mpaka kwenye bendera. Siku ya pili sabuni hakuna. Tukawafokea watoto wa la tano wee, tukawapigisha magoti. Mwalimu wa zamu akakaa mwenyewe kuvizia: kunguru! Anatua, anadonoa kamba, anaondoka na kipande mdomoni. Tukahamia sabuni ya maji, hiyo nayo watoto wakawa wanapulizia mapovu. Lakini nawaambieni, mwaka ule kuharisha kulipungua, walimu wote walisema.

Afisa Kijiweni
Kunguru wa Dar wangesimamiwa vizuri wangekuwa wahasibu.

Mwl. Bila Shule (Nakuru)
Naongeza jambo ambalo halijatajwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi. Shule ilipofungwa mshahara ulikoma mwezi huo huo, mwenye shule akatuambia kwa ujumbe wa simu. Nikauza mitumba, mwenzangu akaendesha boda, mwingine akarudi kwao kulima. Ilipofika Januari 2021 shule yetu haikufunguka tena. Watoto wote wakahamia ya serikali, na walimu wake ni wale wale waliokuwepo. Kwa hiyo mtoto hakurudi shule aliyoiacha. Alirudi mahali pageni, darasa limejaa, mwalimu hamjui jina. Waziri wa elimu wa wakati huo, Magoha, akasema watasomea hata chini ya miti, na kwa kweli kuna walioketi chini ya miti. Mnahesabu miezi tu. Hesabuni na watu waliopotea.

Mama Wawili
Huo ni ukweli. Chekechea ya mtaani kwetu ilikufa hivyo hivyo. Yule dada aliyekuwa anawafundisha herufi sasa ana genge la nyanya, na genge linamlipa kuliko chekechea.

Mkulima wa Mumias
Halafu mtihani. Wetu wa la nane wa 2020 walifanya KCPE Machi 2021. Sasa kwa kufidia muda, muhula umekatwa mfupi, mwaka huu KCPE ni mara mbili, Machi na Novemba. Mtoto anakimbizwa kama ng'ombe wa mnada. Likizo ni wiki tu. Mnasema saa mbili za ziada? Sisi tumebanwa miaka miwili mizima.

Busia Moja (Busia, Uganda)
Wapendwa, nimesoma yote nikacheka kwa uchungu. Sisi ndio tumefungua juzi, Januari 10, 2022. Tulifunga Machi 2020. Oktoba 2020 wakarudi wenye mitihani tu, wengine wakaitwa kidogo kidogo mwaka uliofuata, na hawa wadogo wa P1 hadi P3, yaani la kwanza hadi la tatu, walikuwa wamepangiwa Juni 2021, ndipo ikafungwa tena nchi nzima. Kwa hiyo mtoto aliyeanza P1 Februari 2020 alisoma wiki chache, akarudi karibu miaka miwili baadaye. Wanafunzi kama milioni 15 walikuwa nyumbani. Na kwetu walifunga kweli, magari hayatembei, soko limefungwa, usiku amri ya kutotoka. Huyo kijana wa Kahama alipata mnada. Wetu hawakupata hata mnada.

Na amri ni kwamba wote wapande darasa. Basi dada yangu anafundisha P2 yenye watoto wasiojua A, na P1 yake ina vikundi viwili, wa miaka sita na wengine wana tisa hawajawahi kukanyaga shule, miguu haiingii chini ya dawati. Ndugu yangu mmoja mtoto wake alikuwa anafyatua matofali, ameshika hela yake, ameulizwa kurudi shule akasema, "Mwalimu mwenyewe anauza chapati, nirudi kusoma nini?" Walimu wengi kweli walikwenda chapati na boda, na hawajarudi.

Mimi nilivyoona 2021 hali haieleweki nikamvusha wangu upande wa Kenya, anavuka mpaka kila asubuhi na watoto wengine.

Mkulima wa Mumias
Karibuni. Mlitujazia madarasa.

Busia Moja
Tulilipa karo ndugu yangu.

Ngosha Mstaafu
Sasa Busia Moja, nisaidie. Kwenu watoto wadogo wanafundishwa kwa lugha ya nyumbani mpaka P3, sivyo? Je, hao wameharibika sawa na waliofundishwa kwa Kiingereza tangu mwanzo?

Busia Moja
Mzee, vijijini ni lugha ya nyumbani, mjini wanaanza na Kiingereza. Dada yangu anasema wa kijijini wanarudi haraka kidogo. Lakini huyo ni dada yangu, hana karatasi.

Ngosha Mstaafu
Nimemwelewa dada yako kuliko karatasi.

Kitabu Wazi
Mzee Ngosha ameshapata ushahidi wa dada wa mtu, uzi umekwisha.

Buja Mtulivu (Bujumbura)
Salama. Nawavurugia kidogo. Burundi hatukufunga shule. Korona ilipita, Afrika Mashariki nzima imefunga, watoto wetu wanakwenda darasani kama kawaida. Mimi nina wapwa wawili walioanza shule miaka hiyo hiyo. Mkubwa anasoma. Mdogo anasoma picha, kama alivyoandika mwalimu, nimecheka sana kwa hiyo. Darasa lao lina watoto wengi mno, wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Kwa hiyo kama ni kufungwa, mpwa wangu alifungiwa na nani?

Dereva wa Masafa
Uzi umepata moto sasa. Kitabu Wazi njoo uchukue zawadi yako.

Kitabu Wazi
Nimekuja. Asante Buja.

Ticha Mikese
Zawadi gani? Mpwa mmoja anasoma, mwingine hasomi, hiyo inathibitisha nini? Na kusoma kwa zamu maana yake mtoto anapata nusu siku. Huko ni kufungiwa nusu kila siku miaka yote. Mimi naona inaniunga mkono mimi.

Afisa Kijiweni
Ukiona ushahidi mmoja unabebwa na pande zote mbili, jua haujabeba kitu.

Hoja Moto
Simu! Hamjataja simu. Miezi ile watoto walipewa simu wanyamaze. Macho yamezoea picha zinazotembea. Unategemea atulie na mstari mweusi kwenye karatasi?

Chaki Nyeupe
Mkuu, huku kwangu simu ya tochi ndiyo ya familia nzima. Kijana wangu picha inayotembea anayoijua ni mbuzi.

Pwani Mchangani
Nacheka peke yangu kwenye daladala.

Hoja Moto
Sawa, Kahama toa. Dar na Nairobi mtanikubalia.

Mama Wawili
Kwa Dar nakukubalia nusu. Lakini vipindi vya shule kwenye redio na televisheni navyo vilikuwepo miezi ile. Sema kuna aliyekuwa anavitazama? Kwetu umeme ukiwepo ni tamthilia, na mwenye rimoti ni bibi yake.

Kipanga wa Wete (Pemba)
Assalaam alaykum. Naona wengi mnailaani kariri kama ndiyo adui. Huku kwetu mtoto anakwenda skuli na anakwenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Chuoni anahifadhi kwa moyo, kweli, lakini kabla ya hapo maalimu humkalisha na herufi, alifu, be, te, anazigusa kwa kijiti moja moja, akikosea haendelei na ubao wa pili mpaka aipate. Ana kwa ana. Mwanangu wa kike skuli ilipofunguliwa alikuwa mzito wa Kiswahili cha kuandikwa, lakini kijiti kile kile cha chuoni nilikitia kwenye kitabu cha skuli, akashika upesi. Kwa hiyo siyo kukariri. Ni kama kuna mtu anamwangalia kidole au hakuna.

Ticha Mikese
Maalim, maalimu wa chuo ana watoto wangapi mbele yake?

Kipanga wa Wete
Wengi tu, ila wakubwa huwasomesha wadogo. Maalimu anawasikiliza wakubwa.

Chaki Nyeupe
Hii nimeipenda. Shuleni kwangu la sita na la saba ni wachache ukilinganisha na la tatu. Saa ya michezo naweza kuwaomba.

Binti wa Pugu
Angalia tu wazazi wasikuletee balaa kwamba mtoto wa la saba anafundisha wenzake badala ya kujiandaa na mtihani. Kwetu ilitokea. Wale la saba wa 2020 walisogezewa mtihani mpaka Oktoba 7 na 8, wazazi wakawa wakali kama nyuki, hata kufagia uwanja walikataa watoto wao wasifagie.

Ngosha Mstaafu
Enzi zetu tulifagia, tukamwagilia bustani ya mwalimu, tukapiga mchakamchaka, na tukasoma.

Dereva wa Masafa
Na enzi zenu mliofika sekondari mlikuwa wangapi mzee? Wa kijiji kizima mmoja, na huyo ndiye wewe.

Ngosha Mstaafu
Wawili. Mwingine alikuwa mtoto wa mtemi.

Mwl. Bila Shule
Chaki Nyeupe, swali la kazi. Unawagawaje darasani? Mimi nilipopata nafasi ya muda katika shule ya serikali nilikuta vitu vitatu ndani ya darasa moja: wanaosoma, wanaotambua herufi bila kuziunganisha, na hao waimbaji wako. Nikiwafundisha pamoja, wa kwanza wanalala, wa mwisho wanaitikia.

Chaki Nyeupe
Nimewagawa hivyo hivyo kwa makundi, nimeanza na waimbaji. Kuwapa kitabu nimeacha. Nimekata maboksi ya biskuti nikaandika silabi, kila mmoja anapewa zake, nataja neno analipanga chini. Bila picha, bila wimbo. Na maneno nayachukua mnadani: bei, karanga, kilo, mia. Yule kijana alikaa na "karanga" karibu kipindi kizima, akaweka "ka" na "nga", akaiacha "ra". Nikamwambia isome. "Kanga." Akacheka mwenyewe, akaitafuta "ra". Hapo nikajua herufi anazijua kuliko anavyonionyesha.

Shida ni muda. Ratiba inasema nimalize mada ya Sayansi wiki hii, na mkaguzi akija ataangalia andalio la somo, hataangalia maboksi yangu. Na wakifika la nne mwaka kesho kuna upimaji wa taifa, anayeshindwa anarudia darasa.

Kitabu Wazi
Kama alikuwa anazijua herufi muda wote, basi hoja ya Ticha kwamba alikatwa mlangoni imeanguka.

Ticha Mikese
Imeanguka wapi? Kuzijua herufi na kujua zinaungana ni vitu viwili.

Ngosha Mstaafu
Na neno alilofaulu ni la mnadani, analolielewa. Nilisema ni lugha.

Mama Wawili
Na limetoka kwenye boksi la biskuti. Nilisema ni maandishi ya kwenye vitu.

Dereva wa Masafa
Kila mtu kachukua silabi yake.

Fundi Madawati
Nimechelewa uzi, nimesoma kuanzia juu mpaka chini. Sina elimu ya ualimu, mimi natengeneza madawati. Kuna mtu amewapima hawa watoto macho? Shule moja nilipeleka viti, mwalimu alikuwa na mtoto "mkariri" kama huyo, kumbe ubao hauoni. Akikaa nyuma anafuata sauti za wenzake. Na mwaka ule wa korona waliporudi waliwatawanya, wafupi kwa warefu, wengine wakapelekwa nyuma kabisa ili wasibanane.

Chaki Nyeupe
Fundi, kitabu alikuwa nacho mkononi.

Fundi Madawati
Alikishika umbali gani?

Mkulima wa Mumias
Sasa tumeingia hospitalini. Haya, fundi, na wa Bujumbura naye mpimeni.

Buja Mtulivu
Nampeleka wiki hii. Nikikuta ni macho nitarudi hapa, na Kitabu Wazi atarudisha ile zawadi.